Michirizi ya Liwa

Simu ya Bi Kazija ilikuwa inaona gizani, na tangu iingie nyumbani kwake Tibirinzi hapakuwa na kiza kilichopata raha. Mwanawe Haitham alimpelekea kutoka Maskati, imetiwa ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu ndani ya begi la msafiri. Alipompigia kumfundisha namna ya kuitumia, katika maneno yote ni haya yaliyomwingia: "Mama, kamera yake haitaki taa. Ishike itulie, yenyewe inajikusanyia mwanga." Bi Kazija hakuuliza mwanga unakusanywa kutoka wapi. Alimpiga picha paka mvunguni. Alipiga picha ya ndani ya mtungi. Alipiga picha ya nyuma ya kabati, akaiona pete ya fedha aliyomsingizia Shadya kuwa ameipoteza. Akamwomba radhi mtoto, na kuanzia siku hiyo simu ikapata heshima ya mtu mzima humo ndani.

Kilichompendeza hasa ni kule kungoja. Akibonyeza, kioo kilimwandikia "Usitikisike", duara dogo likazunguka taratibu, naye akabana pumzi. Halafu kutoka kwenye weusi mtupu nyumba yake ilianza kujitokeza, kama mtu anayeamka na hajui bado yuko wapi. Kuta zilikuwa za samawati ambayo hakuna fundi aliyeipaka. Moshi wa udi ulikuwa umeganda hewani. Mikeka iling'aa. Waliotulia walitoka kama walivyo, na waliotikisika walitoka ukungu. Shadya, bintiye mdogo, ambaye tangu azaliwe hajakaa kitako akamaliza chai yake, katika picha zote alikuwa ukungu uliovaa kanga.

Dada yake, Khairat, hakuwamo katika picha hata moja, kwa kuwa alikuwa ndani. Alikuwa mwari. Ijumaa baada ya laasiri ilikuwa akdi yake ya ndoa, na wiki nzima alikuwa chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa na mapazia yameshushwa, anapakwa liwa ya msandali asubuhi na jioni ili ngozi ipate nuru ya kumpeleka kwa mume. Humo chumbani mchana ulikuwa jioni, na jioni ilikuwa usiku. Mwari hatakiwi kuonekana, na kiza ndicho kilichokuwa stara yake kubwa kuliko pazia.

Jumatano, jua likikaribia kuchwa, umeme ulikatika mtaa mzima. Ndio wakati huo Mzee Khatib alipofika na mashahidi wawili kuomba idhini. Alikuwa mdogo wa marehemu Masoud, baba yao wasichana, na kwa hivyo ndiye walii, mwenye haki ya kuwaozesha. Alitoka Kengeja na mikungu miwili ya ndizi, akaiweka ukumbini, akajifuta jasho, akasimama kando ya pazia la chumba cha nyuma na kuupa uso ukuta.

"Khairat binti Masoud. Ni mie ami yako."

Pazia halikujibu.

"Nyange bin Rajab wa Wete kakuposa, na mahari yako yamepokewa. Watu wake wanataka ukakae naye dukani, na ile habari ya masomo iishe hapa. Nimewakubalia. Basi nakuomba idhini nikuozeshe Ijumaa, inshallah. Waniidhinisha?"

Mashahidi waliinamisha vichwa. Bi Kazija alishika mwimo wa mlango. Huko nyuma ya pazia hapakusikika kitu, hata kitanda hakikulia. Wote waliokuwapo walikuwa wamefundishwa tangu chuo cha Kurani kwamba bikira idhini yake ni kunyamaza kwake. Tena binti wa kwao akijibu "ndiyo" kwa sauti, wazee hutazamana. Kwa hiyo kimya kile kiliwaingia masikioni kwa utamu wake, na Mzee Khatib alingoja kidogo zaidi, kwa adabu, halafu akavuta pumzi.

"Kanyamaza. Alhamdulillah."

"Alhamdulillah," wakasema mashahidi, wakatoka kwenda kuwahi magharibi.

Joto lilikuwa kali na feni imekufa. Shadya akaliinua pazia akalitundika kwenye msumari ili dada yake apate hewa, kwa kuwa wanaume wameshaondoka na ndani hakuonekani kitu. Bi Kazija naye alikuwa na kazi yake. Vitu vya begi alivyoleta bwana harusi, nguo na viatu na manukato, alikuwa amevipanga juu ya mkeka pale ukumbini, na watu wa Wete walikuwa wanangoja kuviona vimepokewa. Alipiga magoti, akaishika simu kwa mikono miwili. "Usitikisike," ilimwambia. Akatulia yeye, vikatulia viatu, ukatulia moshi wa udi. Picha ilipotoka alikuza viatu, akakuza chupa za manukato, akaona kila kitu kinameremeta kama kimepigwa dukani. Akaipeleka kwenye grupu la harusi, ambamo walikuwamo watu wa pande zote mbili, wake kwa waume, akaandika chini yake: "Tumepokea. Mungu awabariki."

Halafu akasali, akaomba dua ndefu, moyo mwepesi. Alikuwa mjane mwenye mabinti wawili, na mmoja kishapata pa kukaa.

*

Simu ya kwanza ilikuwa ya Mzee Khatib, na hakutoa salamu.

"Kazija, umefanya nini?"

"Nimefanya nini, shemegi?"

"Tazama nyuma ya viatu."

Akatazama. Nyuma ya viatu palikuwa na mlango, na ndani ya mlango, pale ambapo macho yake mwenyewe yaliona weusi tu, palikuwa na chumba kizima cha samawati. Kulikuwa na ukungu mmoja, ambao ni Shadya. Na juu ya kitanda alikuwapo Khairat, kafunga kanga kifuani, mabega wazi, nywele zimefumuliwa zinamfika kiunoni, katulia, katoka wazi kuliko viatu. Bi Kazija aliona nywele tu. Hakutazama zaidi. Aliifuta picha, akaifutia kila mtu, kisha akakaa chini sakafuni na aibu yake.

"Umemvua mtoto ushungi mbele ya ukoo mzima," Mzee Khatib alikuwa bado anasema. "Mbele ya wakwe. Mwari! Watu watasema nini? Watasema Masoud kafa na stara ya nyumba yake imekufa."

"Kulikuwa kiza, shemegi. Wallahi kulikuwa kiza."

"Kiza cha zamani hicho," akasema Mzee Khatib, akakata.

Ikambidi awapigie wanaume mmoja mmoja, maana huenda picha imeshaingia katika simu zao. Hakuna jambo gumu kwa mwanamke mwenye heshima zake kama kumwomba shemegi yake asitazame kitu. Mzee Seif, binamu wa marehemu, alikuwa mkarimu sana.

"Picha gani? Mie s'jaona kitu, simu ilikuwa haina chaji. Ngoja niwashe niitafute."

"Usiitafute, Mzee Seif. Ifute tu."

"Ntaifuta vipi na s'jaiona?"

"Mpe mkeo akufutie."

"Aa. Basi imo humo kweli," akasema Mzee Seif, na sauti yake ikawa na hamu ambayo haikuwapo mwanzo.

Bi Mgeni, jirani, alikuja mwenyewe kumliwaza. Alikaa mlangoni akamshika mkono, akamwambia asijali, watu husahau, na yeye hata hakuangalia. Alipoinuka kwenda zake akageuka kidogo. "Ila nywele zake, mashallah," akasema. "Atakuwa karithi kwa bibi yake."

Usiku kucha habari ilikuwa nywele. Hakuna aliyesema jingine. Alfajiri, baada ya kusali, usingizi ulimchukua Bi Kazija palepale juu ya msala, akaota nyumba yake imekuwa mwanga mtupu. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mvunguni kulikuwa mwanga, ndani ya mitungi mwanga, chini ya kila chano mwanga, na yeye kashika nguo mkononi anapita chumba hadi chumba akitafuta pembe moja ya kiza abadili nguo, haipati. Katika chumba cha nyuma alimkuta Khairat amekaa. Akataka kumuuliza jambo, lakini katika ndoto hiyo sauti zilikuwa hazitoki, na aliamka akiwa bado na swali lake mdomoni, hajui lilikuwa swali gani.

*

Asubuhi ya Alhamisi aliikuta habari kwenye simu, kutoka kwa Bi Mardhiya, mama yake Nyange. Haikuwa na salamu nyingi. "Nakuja leo baada ya laasiri. Mzee Khatib awepo."

"Anakuja kuvunja," akasema Mzee Khatib alipoisoma. Alikaa kwenye kiti cha ukumbini na kanzu yake ya Ijumaa, ameivaa siku moja kabla kwa ajili ya aibu. Uani sufuria kubwa za kuazima zilikuwa zimepangwa kifudifudi, mchele umeshapepetwa, na wapishi wameshapewa chao. "Mwache aseme yote. Usijibizane. Akimaliza mie ntaomba radhi, na weye uombe radhi. Akitaka tuitupe na hiyo simu, tutaitupa."

Shadya alitokeza kutoka chumba cha nyuma na kibakuli cha liwa.

"Mama, liwa ya dada haikai."

"Ongeza marashi."

"Nimeongeza. Naipaka, haikai."

"Basi umeifanya maji. Shadya, leo si siku ya kunisumbua."

"Si mie niloifanya maji," akasema Shadya, akarudi ndani.

Bi Mardhiya alifika laasiri imeshasaliwa. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mpole wa mwendo, na alivua viatu akavipanga vizuri kando ya vya watoto. Alisalimia kwa kirefu, akauliza hali ya kila mtu, akamrehemu marehemu, akakubali maji na kukataa halua. Kule kukataa halua kulimchoma Bi Kazija rohoni. Mzee Khatib alikohoa.

"Bi Mardhiya, tumekukosea. Mwari wetu kaonekana, na kosa ni letu. Nywele za—"

"Mzee Khatib, mie nna mabinti wanne. Nywele n'shaona." Alitoa simu yake ndani ya mkoba. "Mimi picha s'jaifuta, mnisamehe. Niliihifadhi kabla hamjaiondoa. Nyange hajaiona. Si haki yake bado, na s'kumwonesha. Lakini nataka nyie muione."

Mzee Khatib akageuza uso. "Mie siitazami."

"Hutaona nywele. Nazifunika."

Akaikuza picha kwa vidole mpaka ukabaki uso peke yake, akaweka kidole gumba juu ya paji na kiganja ubavuni, nywele zote zikapotea. Akaisogeza simu kati yao, juu ya kijimeza. Mzee Khatib aliangalia kwanza dari, halafu kijimeza, halafu, polepole, simu.

Uso wa Khairat ulikuwa wa manjano kwa liwa, laini, umetandazwa vizuri kote. Macho yalikuwa wazi, yanatazama mahali pasipo na kitu. Na kutoka kila jicho liwa ilikuwa imechanika mchirizi mmoja mwembamba hadi kidevuni, na ndani ya mchirizi ngozi yake halisi ilionekana, nyeusi, imelowa, inang'aa kwa ule mwanga ambao haukuwapo.

"Jasho," akasema Mzee Khatib. "Umeme ulikatika."

"Jasho hutoka kipajini, Mzee Khatib. Hutoka puani, hutoka juu ya mdomo. Tazama kipajini hapo mwisho wa kidole changu. Pakavu."

Bi Kazija aliichukua ile simu. Aliisogeza karibu hata pumzi yake ikakitia kioo ukungu, akakifuta kwa kanga, akatazama tena. Yeye ndiye aliyeipiga picha hii. Alikuwa amepiga magoti hatua chache tu kutoka kwa mwanawe, anabana pumzi, anaangalia viatu. Aliona haya kuliko haya zote za jana, na haya hizi hazikuhusu ukoo.

"Haya machozi ni ya saa ile," akasema taratibu. "Shemegi, ni saa ile ile. Mmetoka tu. Hata hamjafika msikitini."

"Bikira idhini yake ni kunyamaza kwake," akasema Mzee Khatib. "Si maneno yangu."

"Na mie nimesomeshwa hayo," akasema Bi Mardhiya. "Lakini mwalimu wetu hakuishia hapo. Alisema akilia, mumuulize. Weye ulisoma kuliko mie, Mzee Khatib. Wenu aliishia wapi?"

 Mzee Khatib alikuwa anaujua ukurasa wenyewe, na hata upande wa kitabu ulipo. Alianza kuvuta tasbihi yake, punje kwa punje, bila kutaja kitu.

"Kesho watu wanakuja," akasema baadaye. "Kutoka Kojani wanavuka tangu asubuhi. Mchele huo hapo. Kila harusi mwari hulia. Wanalia wote, Bi Mardhiya."

"Wanalia wote," akakubali. Alivikunja vidole vyake mapajani. "Mie nililia. Nilikaa ndani namna hii, chumba namna hii, na walii wangu kaja mlangoni kauliza, nami nikalia kimya maana ndivyo nilivyolelewa. Somo wangu, yule mama wa kunifunda, akaingia na kibatari, akaniona. Nikadhani keshaniona, sasa atasema. Unajua alifanya nini, Bi Kazija? Alichukua liwa akanipaka juu ya machozi."

 Mtaani mtu alikuwa anaita mbuzi wake.

"S'kuishi vibaya," akaendelea Bi Mardhiya. "Rajab mtu mwema, na watoto hawa nawapenda. Lakini jana nilipoiona picha hii nilikaa uani mpaka isha. Sitaki kumtia mtoto wa watu ndani ya nyumba yangu kisha kila nikimtazama nijione mie. Kamuulizeni. Akiridhia, kesho tuko hapa na furaha zetu. Asiporidhia, ntakwenda mwenyewe kumwambia mwanangu, na watu waseme watakavyosema."

Bi Kazija akainuka. Mzee Khatib naye akataka kuinuka, akamzuia kwa mkono.

"Weye ulishauliza, shemegi."

*

Chumba cha nyuma kilikuwa na harufu ya udi na liwa na joto la watu. Umeme ulikuwa umesharudi lakini taa ilizimwa, kama inavyostahili. Shadya alikuwa amekaa pembeni na kibakuli chake. Bi Kazija akamwambia atoke, akaenda ukutani, akawasha taa.

Khairat alijifunika macho kwa mkono. Katika ule mwanga wa kawaida, usio na samawati, alikuwa msichana aliyechoka mwenye vumbi la manjano mashavuni. Bi Kazija akachovya ncha ya kanga kwenye maji, akaketi kitandani, akaanza kumfuta. Alifuta paji, akafuta pua, akafuta chini ya macho, na liwa ilitoka mabonge mabonge, ya leo juu ya ile ya jana.

"Tangu lini?" akauliza.

Khairat akanyamaza.

Bi Kazija alikijua kimya hiki. Alikuwa amekifinyanga mwenyewe. Tulia, Khairat. Mtoto wa kike hatikisiki. Mtazame mdogo wako anavyorukaruka, weye tulia. Wageni walikuwa wakimsifia hapo hapo ukumbini, binti yako mtulivu huyu, naye moyo ukimkua. Simu haikufanya ila kumlipa mtoto kwa utulivu wake: wengine wote iliwatoa ukungu, na yeye ikamtoa mzima.

"Mwanangu, leo usitulie," akasema. "N'sikilize. Sufuria zitarudi kwa wenyewe. Mchele tutaula sisi. Ami yako atakasirika, kisha atakula ndizi zake, atapoa. Mie mama yako niko hapa na taa inawaka. Sema."

Khairat aliangalia pazia. Nyuma yake walikuwa watu wawili wanaosikia.

"Nyange s'mkatai," akasema, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuisikia. "S'mjui hata nimkatae. Lakini ami kasema masomo yaishe. Kayamaliza yeye, pale pale mlangoni, mie nikisikia. Mama, mwaka umoja tu nimebakisha niwe mkunga. N'shazalisha watoto kwa mikono hii, na mwalimu kasimama nyuma yangu tu. S'taki kukaa dukani kuuza spea za pikipiki." Akavuta pumzi, na mabega yake yaliyokuwa yametulia wiki nzima yakaanza kutikisika. "S'taki, mama. S'taki kesho."

"Mbona hukusema?"

"Ungesema mie sina adabu."

"Ningesema," akasema Bi Kazija. Alimvuta kifuani na ile liwa yote, ikampaka kanga yake mpya, akamwacha alie kwa sauti mpaka Bi Mgeni akasikia upande wa pili wa ukuta. Kisha akainuka, akalishika pazia.

Ukumbini Bi Mardhiya alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye mlango wa uani Shadya alikuwa amesimama na kibakuli, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatikisika. Mzee Khatib alikuwa bado kwenye kiti, kanzu yake nyeupe, tasbihi imemsimama mkononi. Alikuwa amesikia kila kitu, lakini yeye ndiye walii na kuuliza ni kazi yake, akauliza kama desturi inavyotaka, na macho yake yakimwomba jibu la jana.

"Kanyamaza?"

"Hakunyamaza, shemegi," akasema Bi Kazija. "Kasema."